Shingo na mabega yasiyoisha kuuma: maswali yenu

Ni fundi cherehani. Kila jioni shingo na mabega yanakaza. Nikichuliwa napata nafuu siku mbili, halafu yale yale.

Pole sana, dada. Kuchua kunalegeza msuli, lakini kesho yake unaketi na kuinama vile vile. Kichwa cha mtu mzima kina takribani kilo 5. Kikitangulia mbele ya mabega, misuli ya nyuma ya shingo inakibeba kutwa nzima. Jichunguze unapopitisha kitambaa chini ya sindano. Mara nyingi utakuta bega moja limepanda karibu na sikio, kidevu kimechomoza na pumzi umeibana. Simamisha mashine, toa pumzi, bega lishuke lenyewe. Sogeza kiti, kisha inamia kazi kuanzia nyongani.

Kila bobini inapoisha, simama. Pandisha mabega, yashushe ukihesabu hadi 5. Vuta viwiko nyuma mara 10. Geuza kichwa kulia na kushoto bila kukilazimisha.

Tena msuli unataka nguvu. Huko Denmark, wanawake wenye maumivu kama yako walifanya mazoezi ya vyuma mara 3 kwa wiki, dakika 20, na baada ya wiki 10 maumivu yalikuwa yamepungua sana. Wewe anza na chupa mbili za maji za nusu lita: ziinue pembeni hadi usawa wa mabega, uzishushe taratibu. Ukizoea, ongeza uzito.

Nimeanza mazoezi, siku ya pili misuli ikauma zaidi. Niache?

Usiache. Punguza uzito, pumzika siku moja, uendelee. Uchovu huo huisha kwa siku mbili tatu.

Kinyozi akimaliza hunivunja shingo mpaka ilie. Kuna ubaya?

Upo, mkatalie kabisa. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapita humo shingoni, na kuzungushwa kwa ghafla kunaweza kuichana. Ni nadra, lakini ikitokea huleta kiharusi.

Nina miaka 61. Maumivu yanashuka mkononi, vidole vinakufa ganzi, kikombe kinaniponyoka.

Shikamoo, mzee. Hapo usianze mazoezi yangu. Nenda hospitali wiki hii wakupime, huenda neva imebanwa. Miguu ikianza kuyumba au mkojo ukikusumbua, nenda siku hiyo hiyo. Na bega likiuma pamoja na kifua kubana na jasho jembamba, huo unaweza kuwa moyo: upelekwe hapo hapo, hata kama ni usiku.