Maswali ya wasomaji: Uhuru ulidaiwa kwa njia gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jinsi nchi zetu zilivyochomoka mikononi mwa Mwingereza. Tumechagua nne.

Mwalimu wetu anasema Tanganyika haikuwa koloni. Mbona basi tulidai uhuru? (Mwanafunzi, Morogoro)

Mwalimu wako amesema kweli kwa upande wa sheria. Kenya ilitangazwa koloni mwaka 1920. Tanganyika alinyang'anywa Mjerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza akakabidhiwa aitawale kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ibara ya 76 ya Mkataba wa Umoja huo inamtaka mdhamini aifikishe nchi kwenye kujitawala au uhuru. Mwingereza alikubali mwenyewe masharti hayo, na hapo ndipo aliposhikwa.

Udhamini ulikuja na nyenzo mbili ambazo Mkenya hakuwa nazo. Wananchi waliruhusiwa kupeleka malalamiko moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini, New York; tena kila baada ya miaka mitatu hivi Baraza lilituma ujumbe kuja kukagua. Wameru wa Arusha walionyesha njia mapema. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi ipewe walowezi, walimtuma Kirilo Japhet akaeleze mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Safari ile haikuwarudishia mashamba, lakini nchi nzima ikajua kwamba mlango wa New York unabishika.

Ujumbe wa 1954 uliandika kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25. Serikali ya Gavana Twining haikupendezwa hata kidogo. TANU, chama cha kudai uhuru kilichozaliwa tarehe 7 Julai mwaka huohuo, kiliikamata taarifa ile kwa mikono miwili. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, kwa nauli iliyochangwa. Someni alichoomba, maana hapo pana ufundi mkubwa: hakudai uhuru wa kesho yake. Aliomba itamkwe kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika kwanza, na itaendeshwa hivyo. Wakati ule viti 30 vya wajumbe wasio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa 10 kwa Waafrika, 10 kwa Waasia na 10 kwa Wazungu, ilhali Waafrika walizidi milioni 8 na Wazungu hawakupita sana 20,000. Ombi dogo namna hiyo lilikuwa gumu kulikataa bila kuonekana unaikana ibara ya 76.

Kura tatu ilikuwa kitu gani, na kwa nini TANU nusura ivunjike kwa ajili yake? (Msomaji, Tabora)

Kura tatu ulikuwa utaratibu wa kila mpiga kura kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Na kabla ya kufika kwenye sanduku ulipaswa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au uwe umeshika wadhifa uliotajwa na serikali. Mkulima wa kawaida aliachwa nje.

Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, wengi walifika wakitaka kususa, na hasira yao ilikuwa ya haki. Tatizo ni kwamba kususa kusingefuta uchaguzi. Viti vingejazwa na UTP, chama kilichobebwa na Gavana, na wajumbe wake ndio wangeketi na Waingereza kujadili mustakabali wa nchi. Nyerere aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka na kuanzisha chama cha ANC.

Baada ya hapo TANU iligeuza mtego. Wakati huo haikupokea wanachama wasio Waafrika, lakini hakuna sheria iliyoizuia kuwaambia wafuasi wake wampe nani kura ya pili na ya tatu. Ikawaunga mkono watu kama Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Amir Jamal. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na UTP haikuambulia hata kiti kimoja. Kura iliyotungwa ili kuwagawa watu kwa rangi ikaleta Baraza lenye Wazungu na Waasia waliotaka uhuru. Kwa maoni yetu uamuzi wa Tabora ndio uliofupisha ile miaka 20. Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Machi 1961 mkutano wa Karimjee, Dar es Salaam, ukakubaliana tarehe. Mei Mosi ikaja madaraka ya ndani, na 9 Desemba uhuru.

Babu alisema bendera ya Sultani ilipepea Fort Jesus hadi Kenya ilipopata uhuru. Ilikuwaje? (Msomaji, Mombasa)

Babu yako alikuwa sahihi. Ukanda wa maili kumi wa pwani haukuwa koloni kama bara. Ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza aliusimamia kwa kumlipa Sultani kodi ya kukodisha tangu 1895. Kwa hiyo hakuweza kuwapa Wakenya kitu ambacho kisheria hakikuwa chake, na wapo watu wa Mwambao waliotaka pwani ijitenge au irudi Zanzibar.

Fundo lilifunguliwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Sultani aliachia ukanda. Kenya, kwa upande wake, iliahidi uhuru wa dini, kubaki kwa mahakama za kadhi, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu pale inapowezekana, na kuheshimu hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa. Lile la hati bado linawauma maskwota wengi wa pwani, yaani watu wanaoishi kwenye ardhi yenye hati za wengine, hadi leo, na wana sababu.

Bendera ikishapanda, mikataba aliyotia saini mkoloni inakuwa ya nani? (Msomaji, Kigoma)

Unauliza ukiwa mahali penyewe. Mwaka 1921 Mwingereza aliwakodisha Wabelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, milele, kwa faranga 1 kwa mwaka. Tanganyika huru ilisema mdhamini hawezi kugawa milele kitu alichopewa kwa muda. Desemba 1961 Nyerere alitangaza kanuni: mikataba ya nchi mbili iliyorithiwa itaendelea kwa miaka miwili, na katika muda huo ijadiliwe upya, la sivyo itakufa. Kwa msimamo huohuo, Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929 kuhusu maji ya Mto Nile.

Jeshi halikupewa uangalifu kama huo. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960 ikiwa na jeshi lisilo na afisa hata mmoja Mkongo. Siku tano baadaye askari wakaasi. Somo lilikuwepo jirani, ila hata sisi tulichelewa. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao Waingereza wakidai mishahara bora na vyeo kwa Waafrika, na serikali ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuja kuwanyang'anya silaha. Kikosi kile kilivunjwa, likaundwa jeshi jipya. Sarafu nayo iliendelea kutolewa na bodi ya pamoja ya Afrika Mashariki, ikifungamana na pauni, mpaka Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango mwaka 1966.