Maswali yenu kuhusu makanisa ya kale na makaburi ya vijijini Ireland

Ni kweli kuna kanisa liliruka huko Ireland?

Wenyeji wa Kildemock, karibu na mji wa Ardee katika kaunti ya Louth, ndivyo wanavyosimulia. Kanisa limebaki gofu, na ukuta wake mmoja umesimama wima ndani ya msingi, kama mita moja kutoka ulipojengwa. Inasemwa kwamba mtu aliyetengwa na Kanisa alizikwa humo ndani, na usiku ukuta ukaruka ili kaburi lake libaki nje. Wengine wanataja dhoruba kali ya mwaka 1715. Hata kwa dhoruba, ukuta mzito vile kusogea bila kuanguka unastahili kusimuliwa.

Nimesikia misafara miwili ya mazishi ilikuwa ikishindana kufika makaburini. Kwa nini?

Iliaminika kwamba aliyezikwa mwisho ndiye mlinzi wa makaburi hadi aje mwingine. Sehemu nyingine walisema kazi yake ni kuwachotea maji roho walio toharani, mahali pa kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Basi mazishi mawili yakiangukia siku moja, kila familia ilikazana kuwahi lango, kwa kumhurumia maiti wao.

Watoto waliokufa kabla ya kubatizwa walizikwa wapi?

Swali hili ndilo zito kuliko yote. Hawakuruhusiwa kuzikwa kwenye ardhi iliyobarikiwa, kwa kuwa mafundisho ya wakati huo yaliwaweka limbo, mahali pa roho zisizoingia mbinguni wala kuteswa motoni. Walizikwa katika viwanja viitwavyo cillín: kwenye magofu ya makanisa, ngome za kale za udongo, mipaka ya mashamba, ukingo wa bahari. Mara nyingi baba ndiye aliyembeba mtoto usiku, bila padri, na mama akabaki nyumbani. Alama ilikuwa jiwe lisilo na jina, pengine na vijiwe vyeupe juu yake. Desturi hii ilidumu hadi katikati ya karne ya 20, na huko walilazwa pia waliojiua na wageni waliotupwa na bahari.

Ngano zikaingia hapo. Ukikanyaga kaburi la mtoto kama huyo, walionya wazee, utapotea njia hata ndani ya shamba lako mwenyewe. Mimi naishukuru hofu hiyo, maana wakulima wengi walikataa kupitisha jembe viwanjani humo. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilisema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Wazazi wengi walikuwa wameshakufa bila kusikia neno hilo.

Udongo wa kaburi la padri unaponya?

Unaulizia Boho, kaunti ya Fermanagh. Padri James McGirr, aliyefariki mwaka 1815, anasimuliwa kuwa aliahidi udongo utakaomfunika ungeponya alichoponya yeye akiwa hai. Watu huchukua kidogo, hukifunga kitambaani, hukiweka chini ya mto wa kulalia, kisha hukirudisha. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba katika udongo wa eneo hilo wamepata bakteria wa jamii ya Streptomyces anayezuia vijidudu sugu kwa dawa. Hayo yalipimwa maabara, si kwa wagonjwa. Usiache dawa zako.

Ngano hizi zilihifadhiwaje?

Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi waliandika masimulizi ya wazee wao kwa ajili ya Tume ya Ngano ya Ireland. Mkusanyiko huo unasomeka bure kwenye intaneti, wenye mwandiko wa watoto wenyewe.