Kaseti ya gemu ikigoma, usikimbilie kulehemu

Karibu kila anayeanza kazi hii ya kutengeneza kaseti za gemu huja na kaseti ya zamani mkononi na hukumu mdomoni: imekufa. Mimi hukumu hiyo siikubali upesi. Kwenye kaseti nyingi za kiwandani, gemu lenyewe limo ndani ya chipu ya ROM ambayo data zake ziliwekwa moja kwa moja wakati chipu inatengenezwa, na chipu za aina hiyo haziharibiki hovyo. Vinavyoharibika ni vilivyoizunguka: pini zilizopata kutu, lehemu iliyopasuka, njia ya shaba iliyoliwa na unyevu, betri iliyokwisha. Tena mara nyingine mgonjwa ni mashine, si kaseti. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, chomeka kaseti nyingine ambayo una hakika ni nzima. Nayo ikigoma, iache kaseti ya watu, geukia mashine.

Hatua inayofuata wengi huiruka: kutazama kioo kinasema nini. Chukua Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo. Ile nembo ya Nintendo inayoshuka unapowasha haitoki kwenye mashine. Inasomwa kutoka kwenye kaseti, kisha mashine inailinganisha na nakala yake ya ndani. Zisipolingana, inasimama hapo hapo. Sasa ukiona mstatili mweusi mtupu unashuka, maana yake mashine haisomi kitu kabisa, kama vile hakuna kaseti. Ukiona nembo imevurugika, hiyo ni habari njema: chipu inajibu, ila baadhi ya njia hazifikishi ujumbe. Na kasoro ikijirudia kwa nafasi zilezile kuanzia mwanzo wa nembo hadi mwisho, shuku njia moja tu ya data, yaani pini moja. Umeshapunguza kazi kabla hata ya kufungua kaseti.

NES, mashine ya Nintendo ya kuunganisha na televisheni, nayo ina lugha yake. Taa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ndani ya mashine mna chipu ya ulinzi inayozungumza na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Wasipoelewana, mashine inajiwasha upya takribani kila sekunde. Taa ile inakuambia mazungumzo yamekatika, basi. Haijasema lolote kuhusu gemu lenyewe. Mara nyingi tatizo ni mguso mbovu kwenye soketi ya pini 72, ambayo hulegea na kuchafuka kwa miaka.

Usafi sasa. Kupuliza acha. Kaseti huonekana kupona baada ya kupulizwa kwa sababu umeichomoa na kuichomeka upya, basi pini zikapata mguso mwingine. Pumzi yako imeongeza unyevu tu, na unyevu ndio unaoleta kutu. Tumia isopropili (aina ya alkoholi) ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba. Sugua kwa kufuata urefu wa pini, kutoka ndani kuja ukingoni, na ugeuze au ubadilishe kijiti kila kinapotoka cheusi. Endelea mpaka kitoke cheupe, kisha acha pakauke kabisa. Palipo na doa gumu, raba laini ya penseli inatosha, kwa mkono mwepesi, maana dhahabu iliyopakwa pale ni nyembamba mno. Msasa haugusi pini. Najua kuna watu wanautumia. Kaseti zao huwaka leo, halafu shaba iliyobaki uchi inashika kutu upya.

Ikibidi kufungua, nunua bisibisi sahihi. Kaseti nyingi za Nintendo na Sega za enzi hizo zina skrubu maalumu za milimita 3.8, na zile za Game Boy Advance hutumia bisibisi ya mabawa matatu. Kuyeyusha mrija wa kalamu juu ya skrubu ni ujanja wa kuharibu kava.

Betri huwachanganya wanagenzi kuliko kitu kingine. Kwenye kaseti hizi kazi yake ni kushikilia kumbukumbu uliyohifadhi, na katika chache, kama Pokémon Gold na Silver za mwaka 1999, kuendesha saa pia. Ikiisha, gemu linaendelea kuwaka. Kinachopotea ni hifadhi. Kwa hiyo kaseti isiyowaka kabisa, usiilaumu betri, isipokuwa kama imevuja na kula bodi. (Bodi za Capcom CPS-2, zile za mashine kubwa za kumbi za michezo, ni mambo mengine: betri yake ikifa, funguo za kusomea gemu hupotea na gemu haliwaki.)

Betri nzima hupima karibu volti 3. Kabla ya kuitoa, nakili hifadhi kwa kifaa cha kusomea kaseti, kwani ukiiondoa tu, imekwenda. Vibati vyake vimechomelewa kwenye betri, kwa hiyo yeyusha lehemu upande wa bodi. Usivute kwa nguvu, utang'oa na shaba. Nunua betri yenye vibati tayari, ya namba ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri ni hatari, inaweza kupasuka. Na kuibana betri kwa selotepu badala ya lehemu hakushiki mguso: siku kaseti itakapodondoka, hifadhi inafutika.

Ikiwa usafi haukusaidia, washa mita ya umeme kwenye mlio, ule unaolia njia ikiwa haijakatika, na ufuate kila pini hadi mguu wa chipu. Pini isiyolia, tafuta kwa lenzi: ufa mwembamba kama duara kuzunguka mguu, au njia iliyogeuka kijani au nyeusi. Ufa unataka fluksi (dawa inayosaidia lehemu kushika) na joto kidogo tu, lehemu itiririke upya. Njia iliyokatika, kwangua rangi ya juu kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae pande zote mbili, zipake lehemu, kisha unganisha kwa waya mwembamba. Pima tena, na upime pia kama hujaigusanisha na njia ya jirani, kabla ya kurudisha kaseti kwenye mashine.

Kaseti ambayo njia zake zote zinalia na bado haisomeki, hiyo ndiyo huenda chipu yake imekwenda kweli. Usiitupe: kava, skrubu na chipu ya ulinzi vitahitajika kwenye nyingine.