Popo wa Darini: Kabla Hujaziba Tundu

Wengi wanaoniuliza kuhusu popo wa darini hutaka kutajiwa sumu inayofaa, nami huwashauri waiache kabisa, kwani popo akifia juu ya dari mtavumilia harufu yake kwa siku nyingi, na tundu alilopitia litabaki wazi kwa wengine. Popo niliowazoea katika nyumba yetu ya bati huko Muheza ni wale wadogo ambao wataalamu huwaita Mops pumilus, wenye uzito wa gramu 10 hivi na mkia ambao sehemu yake huchomoza nje ya utando wa ngozi ulio kati ya miguu. Hawana haja na maembe wala mapera yako. Chakula chao ni wadudu, hasa mbawakawa na nondo, ndiyo maana kinyesi chao kikavu ukikisagasaga kwa kijiti huvunjika kuwa chembechembe zinazong'aa za maganda ya wadudu, tofauti na cha panya, ambacho ni kigumu. Hata hivyo, usiweke kando chandarua chako, kwa sababu popo hawa huwinda juu angani, palipo wazi, wala si chumbani mwako.

Kama ni lazima watoke, subiri giza liingie na kundi lote liruke, kisha usikilize chini ya dari. Ukisikia milio myembamba, kuna watoto ambao bado hawajaweza kuruka, na ukiziba wakati huo watakufa humo ndani. Mama huzaa mtoto mmoja kwa wakati, lakini huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usitegemee kalenda. Tegemea masikio yako. Dari likiwa kimya, ning'iniza wavu mwepesi juu ya tundu, ukiufunga juu na pembeni na kuuacha wazi chini, ili watoke wasiweze kurudi, na baada ya siku chache ndipo uzibe kwa mbao au saruji. Kinyesi kinyunyizie maji kabla ya kukifagia, na uvae barakoa, kwa kuwa vumbi lake linaweza kubeba fangasi wanaodhuru mapafu.

Popo aliyeanguka sakafuni hupata shida kuruka kutoka chini, hivyo mshike kwa kitambaa kizito na umweke juu ya shina la mti. Usimguse kwa mkono mtupu. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na ueleze kwamba umeumwa na popo, ili upimwe haja ya chanjo ya kichaa cha mbwa.