Kikopo hakisubiri: kwa mnaoanza utafiti wa tumbo kwa wakata miwa

Mmeripoti Jumatatu, mmepewa makoti meupe, na tayari mnaulizia darubini. Darubini ndiyo sehemu rahisi. Kazi yenyewe iko Muhoroni na Chemelil, magharibi mwa Kenya, kwenye kambi za wakata miwa waliotoka mbali kutafuta kibarua, na huanza kabla trekta halijawabeba kwenda shambani.

Usigawe vikopo alfajiri ukitarajia kuvikusanya papo hapo. Choo hakiji kwa amri. Gawa jioni ugali ukisongwa, na umweleze kila mtu kando: "Mzee, nikusumbue kidogo." Mtu mzima hapendi kuulizwa habari za choo mbele ya vijana. Nyapara akijitolea kukugawia vikopo, mshukuru na ukatae. Yeye ndiye anayeandika mahudhurio. Nani atamwambia hapana? Ridhaa ya namna hiyo haina maana hata ikiwa na sahihi.

Sasa niwaambie aibu yangu. Minyoo na kichocho tunavipima kwa njia ya Kato-Katz: kinyesi kinachujwa, kinajazwa kwenye tundu la kipimo linalobeba miligramu 41.7, kisha kinafunikwa kwa selofani iliyolowekwa gliseroli. Gliseroli hung'arisha uchafu ili mayai yaonekane, lakini haijui kuacha. Mayai ya minyoo ya safura yana ganda jembamba, na dakika 30 hadi 60 zikipita huyaoni tena, ilhali ya kichocho bado yapo. Mimi juma langu la kwanza niliandaa slaidi zote za siku, nikazipanga kama vikombe vya harusi, nikaenda kula samaki. Niliporudi nikasoma: safura sifuri, sifuri, sifuri. Nikafurahi kabisa, nikidhani kambi ni safi. Fundi wa maabara akachota kinyesi kilichobaki kwenye kikopo kimoja, akaandaa slaidi mpya, akanisogezea darubini bila kusema neno. Mayai manne. Zidisha kwa 24 upate mayai kwa kila gramu: 96, nami nilikuwa nimeandika sifuri kwa wino. Siku hizi naandaa slaidi chache, nazisoma, ndipo naandaa nyingine, na saa ya kuandaa naiandika kwa penseli pembeni mwa slaidi.

Jambo la pili ni dawa. Ukimuuliza mkata miwa "Unatumia dawa?" atasema hapana, na hakudanganyi. Kwake dawa ni ile aliyoandikiwa na daktari. Muulize amenunua nini kwa kemisti tangu mwezi uliopita, uone vidonge vinavyotoka mfukoni. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, hufanya kipimo cha kinyesi cha Helicobacter pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, kimkose bakteria aliyepo, kwa hiyo mtu awe ameiacha wiki mbili. Antibayotiki, wiki nne. Ila usimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu ya fomu yako. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mradi. Uliza pia kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu. Kuinama na panga kutwa nzima huumiza mgongo, wanaimeza kama njugu, nayo huleta vidonda vya tumbo bila msaada wa bakteria yeyote.

Wengi watakwambia vidonda vinatokana na mawazo. Usicheke. Madaktari nao waliamini karibu hivyo hivyo, hadi Barry Marshall wa Australia alipokunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 akashikwa na tumbo. Kisa hicho nimekisimulia kambini mara nyingi, na kila mara kuna anayeuliza kama alilipwa.

Mwisho, ukurasa wa anwani. Mahali palipoandikwa "nyumbani" usijaze jina la kambi. Kambi huvunjika miwa ikiisha, na laini ya simu hubadilika kabla ya majibu kutoka. Andika kijiji alikotoka, shule ya msingi iliyo karibu, na nambari ya mtu asiyehamahama. Mara nyingi ni mama yake.