Nta iliyochanganywa tayari au ya kujichanganyia?

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unataka kutengeneza nyumbani mishumaa ya kumiminwa ndani ya gilasi, na unasita kati ya kununua nta iliyokwisha kuchanganywa kiwandani na kununua nta ya parafini, nta ya nyuki na mafuta ya nazi ili uchanganye mwenyewe. Kwa maoni yangu, anza na iliyo tayari, hata kama bei yake kwa kilo ni kubwa zaidi, kwa sababu mshumaa ukizimika au ukitoa moshi utachunguza utambi na manukato tu, bila kushuku uwiano wa nta.

Kuchanganya kuna faida yake, hasa kwa anayeishi karibu na wafugaji wa nyuki, kama walivyo wakazi wa Tabora. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 za Selsiasi na huupa mchanganyiko ugumu, lakini huhitaji utambi mnene zaidi. Mafuta ya nazi, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, huulainisha, na yakizidi mshumaa hutoa jasho, yaani matone ya mafuta, katika joto la pwani. Pima kwa mizani, wala si kwa kikombe, na uandike kila uwiano. (Mimi niliwahi kupuuza kuandika, nikapata mshumaa mzuri ambao sijaweza kuurudia hadi leo.)

Vyovyote utakavyochagua, yeyushia nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, na ikishika moto ifunike kwa mfuniko. Usiimwagie maji kamwe.