Barua kwa mwanangu: Dema naye alikuwepo

Mwanangu,

Huku Tukuyu sisi wazima, mvua tu haitaki kukoma na baba yako analalamikia goti lake.

Ujumbe wako nimeusikiliza. Unasema ukifungua Biblia kichwa kinakimbilia kodi ya nyumba, hesabu za duka pale Kariakoo, ada ya mtoto na magrupu ya michango ya harusi ambazo hata bwana harusi humfahamu. Ukauliza mtu mwenye maisha kama hayo atayafikirije ya mbinguni. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utaniambia basi limefika na tutaishia hapo.

Kodi na ada usizisingizie, baba. Paulo alipowaandikia Wakolosai, "Yafikirini yaliyo juu, siyo yaliyo katika nchi," alikuwa kifungoni. Ungedhani baada ya hapo atasimulia malaika na viti vya enzi. Wapi! Katika sura hiyo hiyo ya 3 anashukia hasira, matusi na uongo, kisha anaingia majumbani mwa watu: waume wasiwe na uchungu na wake zao, akina baba wasiwachokoze watoto hadi wakate tamaa, mwenye kazi aifanye kwa moyo kama anamfanyia Bwana. Basi hesabu zako zikinyooka bosi akiwa hayupo, na mkeo ukimjibu vizuri usiku nawe umechoka, bado umo ndani ya andiko hilo. Mimi mtu anayekesha kanisani kila Ijumaa huku watoto wake wanakula kwa jirani hanivutii hata kidogo.

Sasa nenda sura ya 4, kwenye salamu za mwisho: "Luka, yule tabibu mpendwa, na Dema, wanawasalimu." Umemwona Dema? Barua ya kuyafikiri yaliyo juu ilitoka na salamu zake ndani. Kwa Filemoni pia ametajwa miongoni mwa watenda kazi pamoja na Paulo. Halafu fungua 2 Timotheo 4:10: "Dema aliniacha, akiupenda ulimwengu huu wa sasa, akasafiri kwenda Thesalonike." Hatuambiwi aliiba, wala alizini, wala alirudia sanamu. Labda huko alikokwenda alipata shughuli ya heshima kabisa. Tunachoambiwa ni kwamba alipenda. Paulo hakuandika kwamba Dema alikosa muda.

Ndiyo maana sikubaliani nawe ukisema tatizo lako ni muda. Simba na Yanga wakicheza, muda unaupata. Ukiwa kwenye mwendokasi asubuhi na hakuna anayekusemesha, mawazo yako huenda wapi yenyewe? Ukisikia uliyesoma naye amehamia kwenye nyumba yake, usiku huo unalalaje? Anzia kujichunguza hapo kabla hujahesabu dakika za sala. Na hayo ya juu, Paulo anasema ni huko "Kristo aliko", yaani tunamfikiri mtu. Ulipokuwa unamchumbia mkeo, nani alikuwekea alamu ya kumkumbuka?

Lakini vya kukata vipo. Magrupu mengine toka tu. Mchango toa ulicho nacho, kiseme mapema, basi; kukopa ili upate kadi ya watu wawili ni kujionyesha. Simu isilale kitandani.

Na asubuhi kabla hujaishika, soma neno la siku, kama tulivyokulea. Unajua lilikotoka? Mwaka 1728, kule Herrnhut Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa Wamoravian, alianza kuwapa ndugu mstari mmoja wa kwenda nao kesho yake, ukapitishwa nyumba kwa nyumba. Kufika 1731 maneno ya mwaka mzima yakachapwa kitabu. Waliopitiwa milangoni wengi walikuwa wakimbizi wa imani kutoka Moravia, watu wa kazi za mikono, wenye watoto wa kulisha kama wewe. Hawakubebeshwa sura nzima. Wamoravian walipofika hapa Rungwe mwaka 1891 walikuwa watoto wa desturi hiyo. Wewe nawe chukua mstari wako, uutafune kutoka Kimara. Siku nyingine utakuwa umeusahau kabla ya Ubungo. Jioni muulize mtoto, yeye atakuwa anaukumbuka.

Parachichi na ndizi nimempa kondakta, zitafika Mbezi Alhamisi usiku. Nusu mpelekee yule mama jirani yenu aliyefiwa, na ukifika kwake ukae, usisimame mlangoni ukiangalia saa. Jumapili ukipiga utaniambia mawazo yako yalikuwa yanakwenda wapi kwenye mwendokasi. Ukweli mtupu, usinipe majibu ya shule ya Jumapili.

Msalimie mkamwana wangu, na mjukuu mwambie bibi amemwekea kifaranga.

Mama yako